Mkono Unapokwenda Wenyewe: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Kunyonyoa Nywele na Kuchokonoa Ngozi

Kuna mtu hapiti mbele ya kioo bila kusogea karibu. Atakagua kidevu, atatafuta kipele, atakiminya mpaka kitoe damu, na asipokiona atakitengeneza. Mwingine yuko kwenye kochi anaangalia tamthilia. Kidole gumba na cha shahada vimepanda utosini vyenyewe, vinapapasa unywele mmoja baada ya mwingine mpaka viupate ule mnene, mgumu, uliojikunja, kisha vinauvuta. Tamthilia ikiisha kuna kifungu cha nywele pembeni ya mto. Wote wawili wameshaapa zaidi ya mara moja kwamba leo ndiyo mwisho.

Nawaandikia hao, na watu wanaoishi nao. Msimamo wangu nautaja mapema: mkono hauendi pale bure. Kuna kazi unaifanya, iwe kutuliza, kuchangamsha, kuondoa kitu kinachokwaruza au kukupa mapumziko ambayo hukuyapanga. Ukiijua kazi hiyo, unaweza kukipa kitu kingine kiifanye. Ukitegemea kiapo peke yake, utachoka wewe kabla ya mkono.

Ni ugonjwa gani huu

Kunyonyoa nywele kwa namna hii kunaitwa trikotilomania, jina lililotolewa mwaka 1889 na daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau. Kuchokonoa ngozi kulisubiri zaidi: kulipewa nafasi yake kama tatizo linalojitegemea katika toleo la 5 la mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, mwaka 2013. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inayaweka yote mawili kapu moja, pamoja na ndugu zao kama kung'ata mashavu kwa ndani au midomo mpaka ichubuke.

Makadirio ya kawaida ni mtu 1 hadi 2 kati ya 100 kwa nywele, na 2 au zaidi kati ya 100 kwa ngozi. Huwaoni kwa sababu wamejifunza kujificha: mtandio, wigi, mikono mirefu kwenye joto la Dar, penseli ya nyusi inayopakwa kabla mtu hajatoka chumbani.

Kunyonyoa huanza zaidi karibu na kubalehe, miaka 10 hadi 13. Kuchokonoa mara nyingi huingia na chunusi za ujana, kisha chunusi zinaondoka, vidole vinabaki kazini. Mtoto mdogo, chini ya miaka 5, anayevuta nywele huku akinyonya kidole mara nyingi huacha mwenyewe bila tiba. Huyo usimfanyie mkutano wa ukoo.

Hali hii hutembea katika familia, kwa hiyo si ajabu ukagundua shangazi yako naye hula ngozi ya pembeni ya kucha. Wanyama nao wanayo. Kasuku wa kijivu akifungiwa peke yake kwa muda mrefu hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu, na hakuna aliyewahi kumwambia kasuku kwamba hana msimamo.

Naongeza mawili ambayo watu wa nyumbani huyachanganya. Kwanza, huku si kujikata kwa makusudi ili kuhisi maumivu. Mchokonoaji hatafuti maumivu. Anatafuta ulaini, au usawa, au ile nafuu fupi inayokuja kitu kinapotoka. Pili, wapo watakaokwambia ni jini au umerogwa, hasa kwa kuwa nywele zina habari zake katika imani za watu wengi, na ndiyo maana wengine wanazikusanya na kuzificha kwa hofu kubwa kuliko aibu. Dua na maombi endelea nayo kama ni sehemu ya maisha yako. Ila usimlipe mtu anayetaka kukuchanja juu ya ngozi ambayo tayari ina vidonda.

Hatua ya kwanza: hakikisha hakuna kingine

Kabla ya kujipachika jina, onana na daktari, ikiwezekana wa ngozi. Vitu kadhaa hufanana na hiki kwa mbali.

Mapunye, au mashilingi kama wengine wanavyoyaita, ni fangasi. Huwapata zaidi watoto, kichwa kinatoa magamba, na mara nyingi kuna mwenzake darasani au nyumbani mwenye tatizo hilohilo. Yanatibiwa kwa vidonge, maana krimu ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele. Kuna upara wa mviringo unaotokea ghafla, laini kabisa. Huo ni kinga ya mwili kushambulia nywele. Kuna pia upara wa misuko: unaanza kwenye paji la uso na juu ya masikio, kwa sababu ya rasta nzito na kukaza kupita kiasi.

Sehemu iliyonyonyolewa kwa mkono ina sura yake. Haina umbo linaloeleweka, na ndani yake utakuta nywele za urefu tofauti: nyingine zimekatika, nyingine ndiyo kwanza zinaota, ngumu na za kuchoma. Mara nyingi iko upande wa mkono unaoutumia zaidi.

Kwa ngozi, fikiria upele unaowasha sana usiku na unaowawasha na wengine mnaolala nao, fikiria ukurutu, na kumbuka kwamba kisukari, figo na ini vinaweza kuleta muwasho wa mwili mzima. Daktari mzoefu ataangalia pia mgongo. Madoa ya kuchokonoa yanajaa mabegani, mikononi, usoni na mapajani, lakini katikati ya mgongo, pale mkono usipofika, panabaki safi.

Hatua ya pili: daftari la wiki moja

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Wiki hii usijipe amri ya kuacha. Andika tu, kwenye daftari dogo au kwenye simu, kila unapojikuta umefanya au umetaka kufanya. Mistari miwili inatosha. Mfano:

*Jumanne, saa 4 usiku, bafuni, nimesimama karibu na kioo. Kidevu. Kabla: nimetoka kusoma meseji ya bosi. Vidole vilikuta kitu kinakwaruza. Nikajiambia nakitoa hicho kimoja. Dakika kama 25. Baada: kwanza ganzi, halafu hasira.*

*Jumatano, saa 9 alasiri, kazini, kiwiko mezani, mkono wa kushoto kichwani. Ripoti inachosha. Sikujua naanza mpaka nilipoona nywele kwenye kibodi.*

Ona jinsi matukio hayo mawili yasivyofanana. La kwanza mtu anajua anachofanya, na kuna jambo limemkera. La pili mkono umeondoka bila ruhusa, na kilichouita ni uchovu wa akili pamoja na mkao wa kiwiko. Karibu kila mtu ana yote mawili kwa viwango tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Mwanasaikolojia Mmarekani Charles Mansueto aliwafundisha wenzake kuchunguza mambo matano, nami nimeyaona yanatosha kabisa kwa daftari la nyumbani: vidole, macho au ngozi vilihisi nini, ulijiambia nini, moyoni ulikuwa na nini, mwili ulikaaje, na ulikuwa wapi, na vifaa gani karibu. Sentensi ya "nilijiambia nini" usiikose. Humo ndimo yanakaa maneno kama "huu mmoja tu", "nyusi hazilingani", "nisipokikamua kitakuwa kikubwa", "leo nimeshaharibu, acha nimalize". Hilo la mwisho ndilo linalogeuza dakika 5 kuwa saa nzima.

Hatua ya tatu: soma ulichoandika, upate kazi ya mkono

Baada ya siku saba kaa na daftari, uulize: mkono wangu umeajiriwa kufanya nini?

Kama matukio mengi ni ya kusoma, kuendesha gari kwenye foleni, kuongea na simu, mkono unakuchangamsha. Kama yanafuata ugomvi, deni, matokeo ya mtihani, unakutuliza. Kama yanaanza kila vidole vinapokuta kigaga au unywele mgumu, unasawazisha. Kama yanajaa saa za kulala, unakutoa kwenye mawazo ili usingizi uje. Na kuna kazi moja inayosahaulika: kwa mama mwenye watoto wadogo, dakika 20 za bafuni na mlango umefungwa zinaweza kuwa ndizo pekee za siku nzima ambazo hakuna anayemwita. Huyo akinyang'anywa kioo bila kupewa mapumziko mengine, kesho atatafuta kioo kingine.

Chagua eneo moja la kuanzia. Usianze na lile gumu kuliko yote.

Hatua ya nne: uziwekee njia vizuizi

Hapa huhitaji ujasiri, unahitaji kupanga nyumba. Lengo ni kuweka sekunde chache kati ya hamu na kidole, maana kwa yale matukio ya mkono kuondoka wenyewe sekunde hizo ndizo zinazokuamsha.

Kwa wa kioo: badilisha balbu ya bafuni iwe hafifu. Bandika karatasi au kanga kwenye sehemu ya kioo, ubaki na ya kutosha kupiga mswaki na kujifunga mtandio. Kile kioo kidogo cha kukuza, mpe mtu. Simu isiingie bafuni, kwa sababu tochi yake pamoja na kamera ya mbele ni kioo kikali kuliko kilichopo ukutani. Kama mnachangia bafu na wapangaji wengine huwezi kugusa balbu. Basi weka chini alama ya umbali, hatua moja kutoka kwenye sinki, ukae nyuma yake. Kibano cha nyusi na pini vikae kwa dada yako au kwa fundi wako, uvitumie ukiwa naye.

Kwa wa kochi na kitanda: kofia ya kulalia au kitambaa cha kichwa tangu saa za jioni, siyo unapokwenda kulala tu. Plasta kwenye kidole gumba na cha shahada, vile viwili vinavyofanya kazi; zinaondoa ule usikivu wa ncha za vidole, na vidole visipohisi havichagui. Kucha fupi kabisa. Nywele zilizolowekwa mafuta zinateleza, hazishikiki vizuri. Badilisha hata upande unaokaa kwenye kochi, kiwiko kikose pa kuegemea.

Wengine hunyoa kabisa, na shule nyingi za Tanzania na Kenya zimekwishawaamulia wasichana hilo. Inasaidia kichwa, lakini mara nyingi mkono unahamia kwenye nyusi, kope au ngozi. Ukinyoa, nyoa huku hatua nyingine zinaendelea.

Hatua ya tano: mpe mkono kazi nyingine

Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn walitangaza njia ya kugeuza mazoea ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa tiba ya hali hizi. Kiini chake ni chepesi kukieleza: ujifunze kuitambua dalili ya kwanza kabisa, ufanye kitendo kinachouzuia mkono kufanya lile jambo, na uwe na mtu wa kukutia moyo.

Dalili ya kwanza iko mapema kuliko unavyodhani. Si pale unywele unapovutwa. Ni pale kiwiko kinapokunjika, au ulimi unapopitishwa kwenye mdomo, au macho yanapoanza kusaka kitu mkononi. Fanya zoezi hili ukiwa peke yako: inua mkono polepole kama unaokwenda kunyonyoa, usimame kila sentimeta chache, uangalie misuli gani imekaza. Rudia mpaka mwendo huo ukujie na kengele yake.

Kengele ikilia, kunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani, mkono ukae pajani au ubavuni, ushikilie dakika 1 hadi 3. Hakuna atakayejua. Kwenye kikao unaweza kushika kalamu kwa nguvu. Kwenye daladala shika bomba. Kitendo kizuri ni kile kinachotumia misuli ileile, kinachoweza kufanyika hadharani, na kisichohitaji kifaa ambacho hutakuwa nacho.

Halafu kuna kazi ndefu, za kuujaza mkono wakati wa hatari. Hapa mazingira yetu yametubariki. Kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kutoa mbaazi kwenye maganda: zote zina ule utafutaji wa kilicho tofauti, ile nafuu ya kitu kinachotoka, na zinaacha chakula badala ya kidonda. Kusuka ukili, kufuma, kudarizi kofia, kuhesabu tasbihi au rozari zinafaa kwa mikono inayotaka mwendo unaojirudia. Linganisha na daftari. Kama mkono wako unapenda kubandua, mpe kitu cha kubandua: stika kuukuu, nta iliyoganda kwenye kinara cha mshumaa, gundi iliyokauka kwenye karatasi. Kama unapenda unywele mgumu kati ya vidole, kata kipande cha brashi ngumu ukae nacho mfukoni. Kama unaupitisha unywele mdomoni, na wengi wanafanya hivyo ingawa hawasemi, tafuna kitu: karafuu, ubani wa kutafuna, kijiti cha mswaki.

Mimi ni wa ngozi, si wa nywele, na vidole vyangu hufuata mabega. Mpira wa kubonyeza ambao kila makala huusifu haujawahi kunisaidia hata kidogo. Kunde ambazo hazijamenywa zinanisaidia. Jaribu vingi, tupa visivyofaa, bila kumwonea mtu haya.

Hatua ya sita: hamu ikikataa kuondoka

Itatokea. Ngumi umekunja, plasta umevaa, na bado kichwani kuna sauti moja tu. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka, hata usipoitii. Weka saa ya simu dakika 10. Toka kwenye chumba ulichomo; bafuni hakuna aliyewahi kushinda akiwa ameegemea sinki. Nawa uso kwa maji baridi, tembea mpaka dukani, mpigie mtu. Saa ikilia, kama hamu bado ipo, ongeza dakika 10 nyingine.

Ukishindwa, acha katikati. Kuacha baada ya vipele vitatu wakati mkono ulitaka kumi ni ushindi unaostahili kuandikwa kwenye daftari. Hesabu dakika na vidonda. Usihesabu "siku bila kugusa" peke yake, kwa sababu hesabu ya namna hiyo ikivunjika mara moja inakurudisha sifuri, na mtu aliyerudi sifuri ndiye husema "acha nimalize".

Hatua ya saba: tunza ngozi iliyoumia

Osha kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kausha kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando safu nyembamba, funika kwa plasta. Kidonda chenye unyevu hupona vizuri kuliko kilichoachwa kikauke, na zaidi ya hapo hakifanyi kigaga kigumu cha kukuita. Plasta inafanya kazi mbili: inaponya na inazuia kidole. Usimwagie spiriti kila siku, usipake majivu, dawa ya meno wala ndimu. Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati.

Ngozi nyeusi ina tabia yake. Kila jeraha, hata dogo, linaweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi mingi, na kwa baadhi ya watu kovu linavimba likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe, hasa kifuani, mabegani na kwenye masikio. Doa lenyewe hufifia likiachwa na likikingwa na jua. Tatizo ni kwamba doa linampeleka mtu dukani kununua krimu ya kung'arisha. Nyingi kati ya hizo zina steroidi, ambazo zinapunguza unene wa ngozi na kuleta chunusi mpya, na chunusi mpya ni mwaliko kwa vidole. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya lakini bado zinapatikana kwa wauzaji. Ukitaka doa litoke, mwone daktari wa ngozi. Chunusi zikitibiwa ipasavyo, nusu ya sababu za vidole kusaka inapungua.

Wanaume wenye vipele vya ndevu, vile vya unywele unaojikunja na kuingia ndani, wapumzike kunyoa kwa wembe. Mashine inayobakiza ndevu fupi kidogo inasaidia kuliko kibano.

Hatua ya nane: saluni

Wanawake wengi wamekaa miaka bila kusukwa kwa sababu ya dakika moja tu: ile msusi anapogawanya nywele, mikono inasimama, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaosubiri anauliza, "He! Dada, hapa utosini kumetokea nini?"

Mtangulie. Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, au mwite nyumbani. Kabla hajagusa kichwa mwambie: "Dada, utosini hapa nywele hazipo, najua. Siyo fangasi, haiambukizi. Naomba unisukie bila kukaza na tusiliongelee." Wasusi wengi wameshakiona kichwa kama hicho kuliko unavyofikiri. Omba misuko mepesi, isiyovuta pembeni ya upara. Twende kilioni iliyokazwa inaumiza mizizi ambayo tayari imechoka, na maumivu yake yanawasha, na muwasho unaita kidole. Wigi na kilemba ni vya kujisitiri, huna haja ya kuvionea aibu, ila kichwa kipate hewa usiku.

Nywele za kichwani hukua takriban sentimeta 1 kwa mwezi. Kope na nyusi zinaweza kuchukua miezi michache kurudi. Wiki za mwanzo za kuota ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu vinywele vipya ni vigumu, vinachoma, vinawasha. Zidisha mafuta na kofia katika kipindi hicho. Sehemu iliyonyonyolewa kwa miaka mingi inaweza isijae kama zamani.

Hatua ya tisa: mwambie mtu mmoja

Mmoja anatosha. Mchague anayeweza kutunza siri, na umwambie unachotaka akifanye, kwa sababu asipojua atafanya kile ambacho kila mtu hufanya: atakushika mkono na kusema "Acha!" Kwa mfano: "Mama, kuna kitu naomba nikueleze na usinikatishe. Nywele zangu nazitoa mwenyewe. Najaribu kupunguza. Ukiniona mkono uko kichwani, usiseme kitu, nipe tu hayo mahindi nipukuchue."

Kwa mzazi au mwenza unayesoma hapa: ishara iwe ya upole na mliyokubaliana. Usimkague kichwa kila asubuhi. Usimfananishe na dada yake. Usimpige mtoto viganja, usimpake pilipili vidoleni. Ataendelea, ila atajificha zaidi, na utakosa hata kujua inatokea lini. Sifia jitihada unazoziona ("leo umekaa na kufuma muda mrefu, mwanangu") kuliko hali ya nywele, maana nywele zinachelewa kutoa majibu.

Hospitali na dawa

Nenda kama inakula zaidi ya muda unaoweza kuumudu, kama umeacha shule, kazi, kuogelea au ndoa kwa ajili yake, au kama hatua hizi umezifanya kwa miezi miwili mitatu bila badiliko. Muombe mwanasaikolojia tiba ya tabia na fikra yenye mafunzo ya kugeuza mazoea, na mpe daftari lako. Litawaokolea wote vikao viwili. Kwa Tanzania kuna Muhimbili na Mirembe, na kwa ngozi kuna kituo cha mafunzo kilichopo KCMC Moshi. Kenya kuna Mathari, Uganda kuna Butabika. Mtoto au mzazi wake anaweza kuanzia kwa kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya.

Kuhusu vidonge niseme wazi: hakuna hata kimoja kilichoidhinishwa rasmi nchini Marekani mahsusi kwa hali hizi. Dawa za kawaida za sonona zinaweza kupunguza wasiwasi au huzuni inayoandamana nazo, lakini kwa kunyonyoa kwenyewe matokeo yake yamekuwa hafifu. Asetilisisteini, inayojulikana zaidi kama dawa ya kulainisha makohozi, ilijaribiwa kwa watu wazima 50 wanaonyonyoa nywele katika utafiti uliotoka 2009: baada ya wiki 12, asilimia 56 ya walioinywa walipata nafuu kubwa, dhidi ya 16 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Kwa watoto, jaribio la 2013 halikuonyesha tofauti. Mwaka 2023 memantini, dawa ya wazee wenye kupoteza kumbukumbu, ilitoa matokeo mazuri kwa watu wazima 100 wenye mojawapo ya hali hizi. Zote hizo zipangwe na daktari. Mwenye pumu amwambie kabla ya kupewa asetilisisteini. Na kama ulianza kuchokonoa zaidi baada ya kuanza dawa ya kuongeza umakini, mwambie pia.

Yasiyosubiri

Wengine humeza nywele wanazozinyonyoa. Tumbo haliwezi kuzisaga, na kwa miaka zinaweza kujifunga kuwa donge. Maumivu ya tumbo yasiyoisha, kushiba baada ya matonge mawili, kutapika, kupungua mwili au uvimbe unaogusika juu ya kitovu: nenda hospitali, na mwambie daktari kuhusu nywele bila kuzunguka, kwa sababu asipoambiwa atatibu vidonda vya tumbo. Donge kubwa hutolewa kwa upasuaji.

Kidonda kinachovimba, chenye joto, kinachotoa usaha, maumivu yanayoenea au homa, usingoje kesho, hasa kikiwa usoni kati ya pua na mdomo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi; pima kwa joto la mgongo wa mkono na kwa ugumu wa ngozi inayokizunguka.

Na kama aibu imefikia mahali ambapo unatamani usiwepo, hayo usiyaandike kwenye daftari peke yake. Yaseme leo, kwa yule mmoja uliyemchagua, na muongozane naye mpaka kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu.